Mtoto wa Nyoka: Carrie wa Pili na Uvivu wa Kulaumu Damu

Wahenga wetu walituachia methali mbili zisizopatana. Moja husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine husema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Ya kwanza humtafuta mkosaji katika ukoo. Ya pili humtafuta katika nyumba, shule na jamii iliyomlea. Watu wengi huzitumia zote mbili, na mara nyingi huchagua mojawapo kwa kuangalia lawama itamwangukia nani. Mtoto akiwa wa jirani, ni mtoto wa nyoka. Akiwa wetu, tunauliza nani alimharibu.

Nimezikumbuka methali hizi kwa sababu ya filamu mbili za Kimarekani zilizopishana kwa miaka 23: Carrie ya mwaka 1976, na mwendelezo wake, The Rage: Carrie 2, wa mwaka 1999. Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuona filamu za kutisha zikijadiliwa mahali tulipozoea kujadili katiba, bajeti na mwenendo wa utumishi wa umma. Nawaomba subira. Filamu ya kwanza ni mojawapo ya masimulizi makali kabisa kuhusu namna taasisi inavyomtelekeza mtu dhaifu. Ya pili ilipewa mkononi kisa kizito zaidi kuliko cha kwanza, ikakitupa. Naamini jinsi ilivyokitupa inatuhusu.

Tuanze na asili. Stephen King alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari katika jimbo la Maine alipoandika Carrie. Alikata tamaa akatupa kurasa za mwanzo, na mkewe, Tabitha, ndiye aliyeziokota na kumhimiza aendelee. Kitabu kilichapishwa mwaka 1974 kikiwa riwaya yake ya kwanza kuchapishwa. Miaka miwili baadaye muongozaji Brian De Palma aliigeuza kuwa filamu, kwa mswada wa Lawrence D. Cohen na kwa gharama ya takriban dola milioni 1.8. Mapato yake nchini Marekani yalipita dola milioni 33. Sissy Spacek, aliyeigiza Carrie White, na Piper Laurie, aliyeigiza mama yake, wote wawili waliteuliwa kuwania tuzo za Oscar, jambo lisilo la kawaida kwa filamu za aina hii.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Carrie ni msichana mpweke anayelelewa na mama mwenye msimamo mkali wa dini, mama anayeuona mwili wa mwanamke kuwa mlango wa dhambi. Siku moja, akiwa bafuni shuleni, anapata hedhi yake ya kwanza. Hajawahi kuambiwa hedhi ni nini, hivyo anadhani anakufa. Wasichana wenzake wanamrushia taulo za kike na kumzomea. Kuanzia hapo nguvu yake ya kusogeza vitu kwa fikra inaamka. Sue Snell, mmoja wa waliomzomea, anajuta na kumwomba mpenzi wake, Tommy, ampeleke Carrie kwenye dansi ya shule. Chris, ambaye yeye amezuiwa kuhudhuria dansi kwa sababu ya ukatili ule, anapanga kisasi pamoja na mpenzi wake. Kura zinachakachuliwa ili Carrie achaguliwe malkia wa usiku ule, na anapokuwa jukwaani, ndoo ya damu ya nguruwe inamwagwa juu yake. Carrie anafunga milango kwa fikra na ukumbi unateketea.

Ninapoizungumzia filamu hii na wanafunzi wangu, huwaomba wasahau moto kwa muda na watazame mambo madogo yanayoutangulia. Mkuu wa shule anamwita Carrie ofisini baada ya tukio la bafuni, na hawezi hata kulitaja jina lake sawasawa. Anasahihishwa, anakosea tena. Zaidi ya hapo, mwalimu wa michezo anaposimama mbele yake akiwa na doa la damu kwenye kaptura, mkuu huyo anashindwa kuficha fadhaa yake, kana kwamba doa ndilo tatizo lililoletwa ofisini. Mwalimu wa fasihi anamdhihaki Carrie mbele ya darasa zima kwa kuthubutu kusema kwamba shairi alilosikia ni zuri. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayemwaga damu ya nguruwe. Wanatayarisha tu mahali ambapo kumwaga damu ya nguruwe kutaonekana kuwa utani.

De Palma hakutuachia faraja rahisi hata upande wa pili. Mwalimu wa michezo, mtu mzima pekee aliyejaribu kumsaidia Carrie kwa vitendo, anakufa ukumbini pamoja na wengine. Carrie anapotazama umati, anaona kila mtu akimcheka, ilhali kamera inatudokeza kwamba si wote waliokuwa wakicheka. Aliyedhulumiwa kwa muda mrefu hana tena uwezo wa kutofautisha nyuso, na dhuluma iliyovumiliwa na wengi humfikisha mtu mahali ambapo haki ya kupambanua inateketea pamoja na jengo.

Sasa tugeukie mwendelezo. The Rage: Carrie 2 ilitoka tarehe 12 Machi 1999. Safari yake ya utengenezaji ilikuwa na misukosuko: muongozaji wa kwanza, Robert Mandel, aliondoka baada ya kazi ya kupiga picha kuanza, na Katt Shea akaitwa kuikamilisha kwa haraka. Iligharimu takriban dola milioni 21 na haikurudisha hata kiasi hicho katika majumba ya sinema ya Marekani. Iliishia dola milioni 17 na ushei. Wahakiki wengi waliipuuza. Lakini hasara ya sinema si hoja yangu. Filamu nyingi nzuri zimepata hasara.

Hoja yangu inaanzia kwenye kisa ilichobeba. Rachel Lang, aliyeigizwa na Emily Bergl, analelewa na familia ya kambo inayothamini zaidi posho ya malezi kuliko mtoto mwenyewe. Rafiki yake wa pekee, Lisa, anajitupa kutoka paa la shule na kufa baada ya kutongozwa, kutumiwa na kutupwa na mchezaji wa timu ya mpira ya shule. Inabainika kwamba wachezaji wale wana mashindano: kila msichana wanayelala naye ana alama zake, na alama zinajumlishwa katika daftari. Rachel anazo picha zinazomhusisha mchezaji mmoja na Lisa. Polisi wanaanza uchunguzi, kwa kuwa msichana alikuwa chini ya umri wa kisheria wa kuridhia. Kisha wazazi wenye uwezo wanatumia ushawishi wao, na ofisi ya mwendesha mashtaka inaizima kesi.

Jambo hili halikutoka hewani. Mwaka 1993, katika mji wa Lakewood, California, vijana kadhaa wa shule ya sekondari, waliojiita Spur Posse, walikamatwa kwa tuhuma za kuwadhulumu wasichana kingono. Ilifichuka kwamba walikuwa wakihesabu alama kwa idadi ya wasichana. Sehemu kubwa ya mashtaka ilifutwa. Baadhi ya vijana hao walialikwa kwenye vipindi vya mazungumzo vya televisheni, wakawa watu mashuhuri kwa muda, huku wasichana wakibaki kujadiliwa tabia zao. Taifa zima lilitazama.

Kwa hiyo mwandishi wa mswada, Rafael Moreu, alikuwa na kitu cha thamani mkononi. Filamu ya kwanza ilihusu ukatili wa wanafunzi na uzembe wa walimu. Hii ya pili ingeweza kupanda ngazi: kutoka bafuni hadi ofisi ya mwendesha mashtaka, kutoka kejeli za rika hadi mkataba wa kimya kati ya wazazi, shule na dola wa kuwalinda vijana wanaowaletea ushindi uwanjani. Kuna tukio moja fupi, pale kesi inapozimwa, ambapo filamu inagusa ukweli huo kwa mkono mtupu. Hakuna muziki wa kutisha wala kitu kinachosogea chenyewe. Afisa anaelezwa tu kwamba jambo hili halitaendelea. Mtumishi yeyote wa umma aliyewahi kuona jalada likirudishwa kabatini bila maelezo anaijua hofu ya aina hiyo, na kwangu mimi ndilo tukio la kutisha kuliko yote katika filamu nzima.

Badala ya kulifuata jambo hilo, filamu inakwenda kutafuta ukoo. Sue Snell, aliyenusurika moto wa mwaka 1976, amerudi kama mnasihi wa shule, akiigizwa tena na Amy Irving. Anagundua kwamba Rachel na Carrie walikuwa na baba mmoja, na kwamba nguvu ile hurithiwa. Mama yake Rachel yumo katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Kuanzia hapo sehemu kubwa ya nguvu ya simulizi inatumika kuthibitisha nasaba: nani alizaa nani, nani alirithi nini, na je, Rachel ataweza kuidhibiti damu yake? Swali la nani alizima kesi ya Lisa linasahaulika. Methali ya pili inawekwa kando, ile ya nyoka inashika usukani.

Mtetezi wa filamu hii anaweza kunijibu kwamba urithi haukubuniwa mwaka 1999; umo katika riwaya ya King tangu mwanzo. Ni kweli, na hoja hiyo inastahili jibu. Riwaya imejengwa kwa vipande: masimulizi ya kawaida yanakatizwa na dondoo za vitabu vya wataalamu, habari za magazeti, na ushahidi uliotolewa mbele ya tume ya uchunguzi iliyoundwa baada ya maafa. Hao wataalamu ndio wanaojadili vinasaba kwa kirefu. King hakanushi kwamba nguvu ile yaweza kurithiwa. Lakini anatuonyesha pia jinsi watu wazima wenye vyeo wanavyokimbilia swali la vinasaba kwa sababu linajibika bila mtu wa mji ule kuona haya. Tume inaketi, inasikiliza na kuandika, na msomaji anabaki akijua mambo ambayo ripoti haitayasema. De Palma, kwa busara, aliuondoa mjadala huo wote akatuacha na watu. Mwendelezo uliurudisha mjadala wa damu bila kejeli iliyokuwa imeuzunguka. Maelezo ya kujikosha ya tume yakageuzwa kuwa ukweli wa hadithi.

Angalia kinachompata Sue. Huyu ndiye shahidi. Ndiye mtu pekee aliyebeba kumbukumbu ya kilichotokea ukumbini, na aliyejua, kwa kuwa alishiriki, kwamba yote yalianza na kicheko. Kama kuna mtu angeweza kuingia katika ofisi ya mkuu wa shule na kusema kwamba tumewahi kupita njia hii na tunajua inakoishia, ni yeye. Filamu inamfanya mtafiti wa nasaba. Anampeleka Rachel kwenye magofu ya shule iliyoungua na kumweleza kuhusu dada yake. Kisha, anapofika kwenye jumba ambamo maafa ya pili yanatokea, anauawa ghafla mlangoni kwa chuma kilichorushwa, kama mpita njia. Miaka 23 ya kumbukumbu inaondolewa kwa sekunde chache, na hadithi inaendelea bila hata kusita.

Wapo watakaosema kwamba kifo hicho ni kiini macho cha kawaida cha filamu za kutisha, na kwamba nakipa uzito kisichostahili. Mimi nasema kinaonyesha thamani ambayo watengenezaji waliipa kumbukumbu. Taasisi nazo hufanya hivyo. Afisa anayekumbuka kwa nini kanuni fulani iliwekwa huhamishwa au hustaafishwa, na anayemrithi hukuta jalada bila simulizi. Kosa likirudi, linaonekana jipya. Filamu ambayo ingetuonyesha jambo hilo waziwazi, kupitia Sue aliye hai na asiyesikilizwa, ingekuwa na haki ya kuitwa mwendelezo.

Maafa yenyewe yanakuja karamuni. Wachezaji wamemrekodi Rachel kwa siri akiwa faragha na Jesse, kijana anayempenda kweli, na wanaionyesha kanda hiyo mbele ya wageni. Kwa mwaka 1999, hili lilikuwa jambo la kuona mbali. Leo, simu zikiwa katika kila mfuko, sote tunaujua udhalilishaji wa aina hii. Toleo jipya la Carrie lililoongozwa na Kimberly Peirce mwaka 2013 lililazimika kuongeza simu inayorekodi tukio la bafuni na kulisambaza mtandaoni. Kwa hiyo simwambii msomaji kwamba mwendelezo haukuona chochote. Uliona mengi, na baadhi uliyaona mapema. Wahakiki kadhaa wa miaka ya karibuni wameutazama upya kwa huruma, na katika hili nakubaliana nao: huzuni ya Rachel kwa rafiki yake ni ya kweli, na Bergl anaibeba kwa heshima.

Lakini moto unaofuata hauna uhusiano na waliozima kesi. Wanaokufa ni vijana waliokuwa karamuni. Mwendesha mashtaka hayupo. Wazazi walioomba fadhila hawapo. Uongozi wa shule haupo. Rachel anakufa, Jesse anabaki na ndoto mbaya, na mamlaka yaliyoufanya mchezo wa alama kuwa salama kwa wachezaji yanaamka asubuhi yakiwa na mazishi ya kuhudhuria na hotuba za kutoa. Filamu ya kwanza iliwachoma wenye hatia na wasio na hatia pamoja, na ikatuacha tukijiuliza kuhusu wote. Hii inawachoma wadogo, kisha inatuambia kwamba chanzo kilikuwa baba mmoja aliyepita zamani.

Siku 39 baada ya filamu hiyo kutoka, tarehe 20 Aprili 1999, wanafunzi wawili wa shule ya Columbine, Colorado, waliwapiga risasi wenzao. Wanafunzi 12 na mwalimu mmoja waliuawa siku ile. Sitaki kuihusisha filamu na tukio hilo. Hakuna msingi wa kufanya hivyo, na wauaji wale hawakuwa akina Carrie waliodhulumiwa tu, kama masimulizi ya awali yalivyopenda kuamini. Ninachotaka kusema ni kwamba nchi ile, wiki chache baadaye, ilianza kuuliza kwa uchungu mkubwa hasira ya vijana shuleni inatoka wapi, nani aliona dalili, na nani alinyamaza. Utamaduni wake ulikuwa umetoka kupewa nafasi ya kuuliza swali hilo kwa utulivu, ndani ya hadithi inayojulikana na kila mtu. Ukajibu: ni damu.

Kwetu sisi, nina sababu moja ya karibu ya kulitilia mkazo jambo hili. Filamu ya kwanza inaanza na msichana anayeaibishwa kwa hedhi. Mwaka 2017 Kenya ilirekebisha Sheria ya Elimu ya Msingi ili serikali iwape taulo za kike bila malipo wasichana waliobaleghe katika shule za umma. Mwezi Septemba 2019 vyombo vya habari viliripoti kifo cha msichana wa miaka 14 katika kaunti ya Bomet, aliyejiua baada ya kuaibishwa darasani kwa sababu ya hedhi, kama familia yake ilivyoeleza. Sheria ilikuwa imeandikwa tayari. Kati ya sheria na dawati la msichana kuna bajeti, ghala, mkuu wa shule, mwalimu, na kicheko cha darasa, na kila kimoja kina mtu anayewajibika. Mtu akikutana na kisa kama hicho akaanza kuuliza msichana yule alikuwa na udhaifu gani, au familia yake ina historia gani, huyo ameingia katika njia ileile ya filamu ya mwaka 1999. Anatafuta nasaba mahali palipohitaji kutafutwa jalada.

Ndiyo maana naikataa hukumu ya kawaida kwamba The Rage: Carrie 2 ilishindwa kwa kuiga mno filamu ya kwanza. Iliiga vitu vya nje: msichana mpweke, mama mwenye wazimu, sherehe, fedheha, moto. Hata vipande vya filamu ya zamani vimepachikwa ndani yake ili tusisahau tuko wapi. Kile ambacho haikuiga ni uthubutu wa kumtazama mkuu wa shule usoni wakati anapolikosea jina la mtoto.

Kwa wanafunzi watakaozitazama filamu hizi mbili, nawashauri wazitazame kwa mfuatano, kisha waandike orodha ya watu wazima waliomo katika kila moja, na mbele ya kila jina waandike alichojua, alichoweza kufanya, na kilichompata mwishoni. Orodha ya filamu ya pili itawaonyesha watu wengi waliojua, wachache waliojaribu, na karibu wote wenye mamlaka waliotoka salama. Kwa watumishi wa umma, orodha hiyohiyo inaweza kuandikwa kuhusu tukio lolote lililowahi kupita mezani mwenu, na ni kazi ya jioni moja.